Sukari ya Maabara

Karibu kila aliyesoma baiolojia katika sekondari ya Kenya amelifanya jaribio la kiazi, au amelinakili kutoka ubaoni akaliandikia matokeo bila kugusa kiazi. Vipande vya urefu mmoja hukatwa. Kimoja hutiwa katika maji matupu, kingine katika maji yenye sukari kidogo, kingine katika maji yaliyokolea sukari. Baada ya saa moja hivi, cha kwanza kimerefuka na kukaza, ukikivunja kinalia. Cha mwisho kimefupika na kulegea, unakikunja hadi ncha zinakutana na hakikatiki. Nimekutana na watu wazima wenye wajukuu ambao wameshasahau kanuni yenyewe, lakini kile kiazi kilichogoma kuvunjika hawajakisahau.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiipima sukari hiyo kabla wanafunzi hawajaingia. Nilikuwa mtunza maabara katika shule za Kisumu tangu katikati ya miaka ya 1980 hadi nilipostaafu. Nyumba yangu iko Migosi, mtaa ulioanza kwa mpango wa viwanja vilivyopimwa na kugawiwa, kila mtu ajijengee polepole kadiri ya mfuko wake. Ninaandika historia ya jaribio hili kwa sababu vitabu vya shule huianza Ulaya na kuimalizia huko huko, kana kwamba lilitufikia likiwa limekamilika, likabaki kurudiwa tu. Nililiona likitengenezwa hapa, kwa sukari ya hapa na viazi vya soko la Kibuye, na watu ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote cha kiada.

Sehemu ya Ulaya haihitaji maneno mengi. Mwaka 1748 padri Mfaransa, Jean-Antoine Nollet, alifunga chombo cha pombe kali kwa kibofu cha nguruwe, akakizamisha katika maji, akaona kibofu kinatuna kwa maji yaliyoingia. Mwenzake wa baadaye, Henri Dutrochet, aliandika kwa urefu juu ya jambo hilo, ambalo leo tunaliita osmosisi, katika miaka ya 1820 na kusema kuwa mimea huishi kwalo. Mwaka 1877 Mjerumani Wilhelm Pfeffer alichapisha vipimo alivyovipata kwa chungu cha udongo alichokitengenezea utando wa kemikali ndani ya vitundu vyake. Alikijaza maji ya sukari na kukiunganisha na bomba la zebaki. Sukari ya asilimia 1 ilisukuma zebaki zaidi ya nusu mita. Ya asilimia 6 ikaisukuma zaidi ya mita 3. Hesabu hizo nazipenda mno. Kijiko cha sukari ambacho mtu anakikoroga katika chai bila kukifikiria kina nguvu ya kuinua nguzo ndefu ya zebaki.

Kisha akaja Hugo de Vries wa Amsterdam, na huyu ndiye ninayemhesabu kuwa babu wa jaribio letu, kwa sababu aliacha vyungu na kurudi kwenye mmea wenyewe. Katika miaka ya 1880 alichuna ngozi nyembamba ya chini ya jani la Tradescantia, ile yenye rangi ya zambarau, akailaza katika maji ya sukari ya ukolezi mbalimbali chini ya hadubini. Sukari ilipozidi, ule utomvu wa zambarau ulijikunyata na kubanduka kutoka kwenye ukuta wa seli. Sukari ilipopungua, ulijaza seli tena. Mahali pale ambapo nusu ya seli zimebanduka na nusu bado, hapo ndipo utomvu wa ndani na maji ya nje vinalingana nguvu. Jamaa ya mmea huo imejaa Kisumu. Imepandwa kando ya ngazi za ofisi, kwenye madebe ya rangi yaliyokatwa, na katika nyua za Migosi ambako hakuna anayejua kuwa ilikuwa chombo cha maabara. Kila mtunza maabara wa mji huu anajua ni lango la nani la kugonga akitaka majani ya zambarau.

De Vries alimsimulia habari za Pfeffer mwanakemia Jacobus van 't Hoff walipokutana barabarani Amsterdam, na van 't Hoff akatambua kuwa chembe za sukari ndani ya maji zinafuata hesabu ile ile inayofuatwa na gesi: kinachohesabiwa ni idadi ya chembe, wala si uzito wake. Kwa kazi hiyo alipewa Nobeli ya kwanza kabisa ya kemia, tarehe 10 Desemba 1901. Siku 10 baadaye, tarehe 20 Desemba 1901, reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, kwenye bandari iliyoitwa Port Florence, ambayo leo ni Kisumu. Mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote siku ile. Uhusiano ulikuja polepole, na uliletwa na muwa.

Baada ya reli, serikali ya kikoloni iliwapa Wahindi ardhi ya kulima Kibos, kituo cha mwisho cha treni kabla ya Kisumu. Miwa ikapandwa, maji yake yakachemshwa katika makarai mapana hadi kuwa sukari guru. Mwaka 1922 kiwanda cha Miwani kilianza mbele kidogo ya hapo, chini ya milima ya Nandi, kikiwa kiwanda cha kwanza cha sukari nyeupe nchini. Baada ya uhuru vikafuata viwanda vya Muhoroni mwaka 1966 na Chemelil mwaka 1968, vyote kwenye ukanda huo huo wa reli. Ukitoka Migosi ukashika barabara ya Kibos, nyumba zinapungua na mashamba ya miwa yanaanza kabla hujachoka. Hapo Kibos pana pia kituo cha utafiti wa miwa ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikijaribu aina mpya za mbegu na kuzipima utamu.

Nakaa kidogo kwenye miwa kwa sababu watoto wa Kano na Kibos walikuwa wanaijua osmosisi kabla ya kuingia kidato cha kwanza, ila hawakuwa wameambiwa kwamba wanaijua. Muwa hukomaa kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na wakulima hufurahi ukame mfupi ukija karibu na mavuno, kwa kuwa maji hupungua shinani na utamu unabaki. Maji ya muwa uliokomaa huwa na sukari kati ya gramu 12 na 18 katika kila gramu 100. Mafundi wa shambani hutoboa muwa, hudondosha tone kwenye kioo cha kifaa kidogo cha mkono na kusoma kiwango chake wakielekea jua. Ule ni ukolezi ule ule tunaoutafuta maabarani. Kiazi kina nguvu ndogo kuliko hiyo. Chukua kipande cha kiazi ukitie katika maji ya niang', yaani muwa, yaliyokamuliwa sasa hivi, bila kuongeza kitu, na kitalegea. Nimelifanya hilo mbele ya wanafunzi waliotoka upande wa Miwani, na nyuso zao zilibadilika, kwa sababu kwa mara ya kwanza kitu cha nyumbani kilikuwa kimejibu swali la kitabuni.

Lakini kwa muda mrefu wanafunzi wengi hawakupata hata kiazi. Shule chache za misheni na za serikali zilikuwa na maabara tangu zamani. Maseno, iliyoanzishwa na wamisheni mwaka 1906, ndiyo mama yao huku kwetu. Mitihani ilitoka Cambridge na vifaa vilitoka Uingereza. Baada ya uhuru wananchi walichanga fedha wakajenga shule za harambee, na katikati ya miaka ya 1970 zilikuwa zimezipita zile za serikali kwa idadi. Wazazi waliuza ng'ombe, walibeba mawe ya msingi vichwani, wakamaliza madarasa. Maabara ndiyo iliyobaki mwisho, kwa sababu darasa linahitaji kuta na paa tu, ilhali maabara inahitaji bomba, gesi, mizani, kabati lenye kufuli na mtu wa kukaa na ufunguo. Kwa hiyo baraza la mitihani lilikuwa na njia mbili: baiolojia kamili kwa shule zenye vifaa, na somo la sayansi ya viumbe kwa zisizo navyo. Mtoto wa njia ya pili aliijua osmosisi kwa chaki. Alichora mshale wa maji ukivuka utando, akapata alama zake, akaenda nyumbani.

Jambo hilo bado linaniuma. Mshale ubaoni haukuonyeshi kwamba matokeo yanaweza kukataa.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985 na KCSE ya kwanza, mtihani wa kumaliza sekondari, ikafanywa mwaka 1989. Baiolojia ilikuwa na karatasi ya vitendo, saa moja na dakika arobaini na tano, alama 40. Wiki chache kabla ya mtihani shule zilipata barua ya siri yenye orodha ya vitu vya kuandaa, na hapo ndipo kazi yetu ilipokuwa kazi. Barua ikisema kila mtahiniwa apewe kiazi kimoja kikubwa na mililita kadhaa za maji ya sukari ya ukolezi fulani, hakuna mwalimu wala mwalimu mkuu wa kumtegemea tena. Ni wewe, mizani, na robo kilo ya sukari kutoka jikoni kwa mpishi wa shule.

Nieleze jinsi ilivyofanywa, maana huu ni ufundi na watu wake wanazeeka. Myeyusho wa mola moja ni gramu 342 za sukari katika lita moja. Shule haina sababu ya kutengeneza lita nzima, hivyo unapima gramu 34.2, unaziyeyusha katika maji kidogo kwanza, halafu unaongeza maji hadi mililita 100. Wageni wa kazi hii humimina maji mililita 100 kisha ndiyo watie sukari, nao hupata ukolezi wa chini kuliko waliokusudia, kwa sababu sukari nayo inachukua nafasi. Kutoka kwenye huo wa mola moja unapunguza ukali: sehemu nane za sukari kwa mbili za maji, sita kwa nne, nne kwa sita, mbili kwa nane. Unapanga bika tano na ya sita ya maji matupu, kila moja na karatasi yake iliyobandikwa herufi.

Kisumu ina joto na ziwa, na hivyo viwili havimwachi mtunza maabara alale. Ukitengeneza maji ya sukari jioni ukayaacha, asubuhi unakuta sisimizi wamejipanga kutoka dirishani. Tulizisimamisha bika ndani ya karai la maji ili wasivuke. Lakini sisimizi ni adui mwepesi. Adui mzito haonekani: hamira za hewani hutua kwenye sukari na kuanza kuivunja usiku huo huo. Kila chembe ya sukrosi huvunjika ikawa mbili, moja ya glukosi na moja ya fruktosi, na kwa hesabu ya van 't Hoff chembe mbili zinavuta maji kuliko moja. Kibandiko kinasema nusu mola, chupa imeshakuwa kitu kingine. Ndiyo maana niliipima sukari kavu jioni nikaifunga katika vifuko, nikaiyeyusha alfajiri siku ya jaribio.

Viwanda vya sukari vimekuwa vikipigana na jambo hilo hilo, kwa ukubwa wake. Muwa uliokatwa ukalala shambani, au ukakaa juani juu ya trela kwenye foleni ya mzani wa kiwanda, sukari yake huvunjika ndani ya shina namna ile ile, na iliyovunjika haikubali kuganda iwe chembe nyeupe. Mkulima wa Nyando amelipwa kwa tani, kwa uzito, miaka nenda miaka rudi, na kila siku ya foleni muwa wake umekauka na kupungua mzani. Kiwanda nacho kimepoteza sukari. Niliwahi kuwaambia wanafunzi wahesabu hasara hiyo kwa chembe, na walioandika vizuri kuliko wote walikuwa watoto wa wakulima.

Sasa kiazi. Ndani ya kila seli ya kiazi mna maji yaliyoyeyusha sukari na chumvi, yamezungukwa na utando unaopitisha maji na kuizuia sukari, na nje ya utando pana ukuta mgumu. Maji huvuka kuelekea kulikokolea. Yakiingia, seli hujaa na kuusukuma ukuta, mfano wa tyubu ndani ya tairi la baiskeli. Yakitoka, tairi linabaki lakini halina tena kinacholikaza. Ukichemsha kipande kwanza, utando huharibika, na hapo sukari na maji hupita vitakavyo, kipande hakirefuki wala hakifupiki kwa mpango wowote. Hicho kipande kilichochemshwa ndicho walimu wengi hukiruka kwa haraka ya muda. Mimi nilikiweka daima, maana bila hicho mtoto hana ushahidi kwamba ni utando wa seli hai unaofanya kazi.

Kati ya maji matupu na sukari kali kuna mahali ambapo kipande hakibadiliki. Kwa viazi vya kawaida mahali hapo huwa kati ya gramu 80 na 120 za sukari kwa lita. Nasema kati, kwa sababu viazi havifanani, na hapa ndipo soko la Kibuye linapoingia katika historia ya sayansi.

Viazi mviringo havilimwi ufukweni. Hupanda malori kutoka Nyandarua na Molo, nyanda za baridi, vikashushwa Kibuye kwa magunia. Kiazi kilichovunwa juzi kina wanga mwingi na sukari kidogo. Kiazi kilichokaa baridini, au kilichoanza kuchipua, kimegeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, kwa hiyo utomvu wake umekolea na mahali pake pa usawa pamepanda. Kilichokaa juani sokoni kimepoteza maji, nacho hujifanya mkali. Mwanafunzi aliyepewa kiazi cha aina moja na jirani yake aliyepewa cha aina nyingine watatoa majibu tofauti, wote wakiwa wakweli. Ilibidi tununue viazi vya gunia moja, la siku moja, vyenye ukubwa mmoja.

Mama niliyezoea kununua kwake alikuwa akinitazama nikigeuza kiazi kimoja kimoja.

“Nyar Gem,” aliniita, yaani binti wa Gem, “kiazi ni kiazi. Mbona unavibonyeza?”

“Nataka vigumu, vilivyonyooka, visivyochipua. Na vyote vitoke gunia hili.”

“Basi mtihani umefika.”

Alikuwa amesema kweli. Wauzaji wa Kibuye waliusoma mtihani kwa mikoba yetu. Watunza maabara wakianza kuuliza papai bichi, apoyo ambalo hakuna anayelila, wiki moja kutoka shule mbalimbali, wao walijua kuna barua imefika. Baada ya miaka kadhaa mama yule alikuwa ananiwekea gunia kabla sijauliza, na ananieleza lilitoka wapi na limekaa siku ngapi. Habari hiyo niliiandika kwenye daftari la maabara. Hakuna kitabu cha kiada kinachokwambia uandike kiazi kimelala soko siku ngapi, na bado ndiyo habari iliyoeleza tofauti nyingi nilizoziona.

Papai bichi lina uzuri wake. Ukikata ukanda mwembamba wenye ganda upande mmoja na nyama upande wa pili, ukautia majini, nyama hunyonya maji na kurefuka ilhali ganda halirefuki, hivyo ukanda unajipinda ganda likiwa ndani. Katika sukari kali unajipinda kinyume chake. Huhitaji rula wala mizani. Darasa zima linaona kutoka mbali. Kwa shule isiyo na kitu, papai ni zawadi. Viazi vitamu, rabuon, navyo hufaa, ila ni vitamu kweli na mahali pao pa usawa pako juu, mtoto anayetarajia hesabu ya kiazi mviringo atashangaa.

Vifaa vya kununua vilikuwa shida. Kitabu kiliagiza neli ya Visking, ule utando wa selulosi uliobuniwa Chicago katika miaka ya 1920 kwa ajili ya kutengenezea soseji. Neli hiyo iliuzwa kwa mita na wenye maduka ya vifaa vya maabara, na shule nyingi ziliikata vipande vifupi mno hadi fundo lenyewe lilimaliza nusu ya urefu. Kitoboleo cha vizibo, tulichokatia viazi, kilikuwa kimoja kwa darasa la watoto hamsini. Tulikitumia kwa zamu, tukawapa waliobaki ganda la kalamu ya biro lililokatwa mdomo kwa wembe. Ganda la biro hutoa kipande chembamba, na chembamba hupata matokeo upesi kwa kuwa maji yana safari fupi. Katika kipindi cha dakika arobaini hiyo ni faida kubwa.

Mwaka 1998 ulianza mpango wa SMASSE, wa serikali ya Kenya na shirika la Japani la JICA, wa kuimarisha ufundishaji wa hesabu na sayansi sekondari. Ulianza katika wilaya chache, kisha baada ya 2003 ukaenea nchi nzima. Ulihimiza mwalimu aweke mwanafunzi na shughuli mbele, afanye majaribio, na abuni vifaa kwa vilivyopo. Niliufurahia, na ninaamini ulifanya kazi njema. Ila katika semina nilizohudhuria ubunifu ulielezwa kama jambo linaloletwa. Ganda la biro, ukanda wa papai, karai la kuzuia sisimizi, kipande cha muwa badala ya sukari ya dukani: hayo yalikuwepo katika shule za harambee za Nyanza kwa sababu bila hayo hapangekuwa na somo. Sukari guru pia ilijaribiwa sukari nyeupe ilipopanda bei. Kwa kupima urefu inafaa, japokuwa ukolezi wake huwezi kuuapia. Kwa hadubini haifai kabisa, kahawia yake inafunika zambarau ya jani na huoni seli ikibanduka.

Kuna mahali pengine hapa mjini ambapo ukolezi wa sukari ulikuwa na uzito kuliko alama. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971 na ukanda wa ziwa umekipata tena na tena. Wagonjwa wa upande wetu walikimbizwa hospitali ya mkoa iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ambayo wakazi bado wanaiita Russia. Katika kliniki na redioni akina mama walifundishwa maji ya kumpa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Mama mwenye huruma huongeza sukari ili mtoto apate nguvu. Sukari ikizidi, utumbo unavutiwa maji kutoka mwilini, na kuharisha kunazidi. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza ukolezi wa mchanganyiko wake rasmi kutoka 311 hadi 245 kwa vipimo vya osmosisi, kwa kuwa ule mwepesi zaidi ulionekana kuwafaa watoto. Utumbo si kiazi, una njia zake za kupokea sukari na chumvi pamoja. Lakini msichana aliyeona kwa macho yake kipande kikilegea katika bika ya sukari kali huelewa haraka kwa nini vijiko ni sita wala si kumi. Niliwaambia wasichana wa kidato cha kwanza hivyo kila mwaka, na nilitaka wakawaambie mama zao jioni hiyo hiyo.

Sukari yenyewe nayo imebadilika. Kiwanda cha Miwani kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2001, na mitambo yake ikanyamaza. Wazee waliofanya kazi pale bado wako, wengine wamehamia mjini, na wawili watatu tunasali nao kanisa moja. Kibos kuna kiwanda cha watu binafsi kilichoanza baadaye, moshi wake tunauona. Siku hizi paketi ya sukari dukani Migosi huenda imetoka Kibos, au nchi ya ng'ambo, na chembe zake si za ukubwa mmoja wala ukavu mmoja. Sukari iliyonyonya unyevu ina uzito wa maji ndani yake. Ukipima gramu 34.2 umepima sukari pungufu.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia gredi ya 10, na KCSE ya mwisho ya 8-4-4 imepangwa mwaka 2027. Mtaala mpya unataka mtoto aonyeshe umahiri kwa kutenda, jambo ambalo sisi wa nyuma ya kabati tulilitamani tangu mwanzo. Shule nyingi bado hazina maabara za kutosha, na maswali ya miaka ya 1970 yamerudi: nani atakaa na ufunguo, nani atapima.

Ninayo madaftari yangu. Kila ukurasa una tarehe, aina ya kiazi pale nilipoijua, kilitoka gunia la wapi, urefu wa kuanzia wa milimita 50, na urefu wa baada ya saa katika kila bika. Najua wenzangu wa shule nyingine wanayo ya kwao, yameliwa na mende katika makabati ambayo yatafunguliwa mtaala ukibadilika na kila kitu kutupwa. Yakikusanywa, yataonyesha jinsi kiazi kilivyobadilika Kisumu tangu aina za zamani hadi Shangi, ambayo leo imejaa sokoni na huchipua upesi kuliko zote nilizoshika. Aliye na daftari la namna hiyo asiliuze kwa kilo kwa wafunga karanga. Na anayeanza daftari jipya mwaka huu, pamoja na milimita, aandike sukari imetoka kiwanda gani na paketi imefunguliwa lini.